Chai Iliyopoa Mezani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Tulia alikuwa na kazi mbili ambazo hakuruhusiwa kuzikosea. Ya kwanza ilikuwa kumpelekea ng'ombe majani. Ya pili ilikuwa kumpelekea babu yake, Mzee Ambilikile, bakuli la uji, kusimama hapo mpaka bakuli liishe, na ndipo ampe kidonge chake cha ugonjwa wa sukari. "Uji kwanza, kidonge baadaye," daktari alimwambia siku alipomsindikiza Babu kliniki, na Tulia alilishika neno hilo vizuri kuliko alivyolishika jedwali la kuzidisha.

Babu alijulikana kijiji kizima cha Igogwe kwa ukali. Akikohoa tu, vijana waliokuwa wakipita shambani kwake walikumbuka shughuli nyingine. Lakini mbele ya mjukuu wake huyo wa darasa la sita, mzee alikunywa uji wake kimya mpaka tone la mwisho, kama mtoto wa chekechea. Tulia alilijua hilo, na kusema kweli alijivunia kidogo.

Jumamosi moja utaratibu huo ulivurugika. Siku chache kabla, baba mdogo Emmanuel, mtoto wa mwisho wa Babu, alikuwa amemvisha mchumba wake Sekela pete mbele ya kanisa zima. Bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sasa ilibaki kazi ya wazee: kwenda nyumbani kwa kina Sekela, kule Ibighi mjini Tukuyu, kukubaliana tarehe ya harusi. Bila tarehe, mchungaji asingeweza kuanza kuwatangaza maharusi, ukumbi usingetafutwa, na akina mama wasingejua sare washone ya rangi gani. Emmanuel mwenyewe hakutakiwa kwenda. Alibaki nyumbani akizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bibi alikuwa anaumwa miguu, kwa hiyo Tulia ndiye aliyepewa kapu la maparachichi amfuate Babu. Walikuwa wakijiandaa wakati gari la kukodi lilipopiga honi barabarani. Ndani yake alikuwa Mzee Dickson, mshenga, na alikuwa na haraka.

Babu alichukua kidonge mezani, akakimeza kwa maji, akalisogeza pembeni bakuli la uji.

"Babu, uji kwanza!" Tulia akashtuka.

"Uji nitakunywa nikirudi. Leo ni siku ya heshima, siyo siku ya uji."

"Lakini daktari alisema..."

"Tulia!" Babu alivaa kofia yake na koti lake jeusi la kanisani, kisha akamshika mjukuu wake bega na kushusha sauti. "Sikiliza vizuri. Huko tunakokwenda, usitaje habari za sukari. Watu wakisikia watasema ukoo wetu una ugonjwa, watasema Sekela atazaa watoto wagonjwa. Harusi ya baba yako mdogo itavunjika. Hata Mzee Dickson hajui. Niahidi."

Tulia alilitazama lile bakuli la uji lililokuwa bado likifuka moshi. Hakupenda, lakini ungemjibu nini babu kama huyo?

"Naahidi, Babu."

Safari ilianza vizuri, ila gari likagoma kwenye mlima kabla ya kufika mjini. Dereva alifungua boneti, akaitazama injini kwa huzuni, akawaambia wazee watangulie. Basi wakapanda mlima kwa miguu katika manyunyu, Babu akiwa mbele na fimbo yake, akikataa kupumzika hata mara moja kwa sababu kwa wakwe hapaendwi kwa kuchelewa.

Walipofika Ibighi walipokelewa kwa furaha. Mzee Lutengano, baba yake Sekela, alitoka mpaka barabarani kuwalaki. Alikuwa fundi seremala mrefu mwenye sauti nzito. Pembeni yake alisimama dada yake mkubwa, Shangazi Atuganile, mjane mnene mwenye macho makali yasiyopitwa na kitu.

"Ugonile, tata!" Shangazi alimsalimia Babu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," Babu aliitikia, akavua kofia.

Sekela hakuonekana, na hakuna aliyeuliza alipo. Kwa mila ya Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Akipita huyu, yule hujificha. Siku hizi vijana wengi hawaijali sana mila hiyo, lakini Shangazi Atuganile aliijali kwa niaba yao wote. Tangu wageni walipoonekana barabarani alikuwa amemfungia Sekela jikoni, nyuma ya pazia la maua. Tulia aliona ncha ya kitenge chake tu. Alijua kwamba Sekela ni muuguzi, na kwamba baba mdogo Emmanuel akilitaja jina lake husahau alichokuwa anasema.

Chai ya maziwa ililetwa, tamu, imetiwa sukari ya kutosha. Zikafuata ndizi zilizopikwa kwa nyama, zikinukia mpaka tumbo la Tulia likalia. Mzee Dickson akainua mkono.

"Ndaga fijo, tunashukuru sana. Lakini sisi tumekuja na neno. Tukishajibiwa, ndipo tutakula."

Wenyeji walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ndivyo wageni wenye adabu walivyofanya. Mgeni anayeanza kula kabla ya kujibiwa angeonekana amefuata sufuria, siyo mke. Tulia alikitazama kikombe cha Babu, akamtazama Babu. Alitamani kusema, "Kunywa kidogo tu," lakini alikuwa ameahidi.

Mazungumzo yakaanza, na hayakuwa mafupi. Mzee Dickson alipendekeza harusi ifanyike mwezi wa nane. Mzee Lutengano akasema wa tisa, kwa sababu kwanza lazima wamfanyie binti yao sherehe ya kumuaga. Shangazi Atuganile akauliza wasimamizi wa maharusi watatoka upande gani, maana hatakubali msimamizi ambaye ndoa yake mwenyewe ina matatizo, na akaanza kuwataja wote wenye matatizo. Chai ikaacha kufuka moshi. Utando wa maziwa ukajikunja juu yake.

Tulia ndiye aliyeona kwanza. Nje kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta, lakini Babu alikuwa anatoka jasho. Lilimtiririka kwenye paji la uso na kuingia kwenye kola ya shati. Mkono ulioshika fimbo ulikuwa unatetemeka.

"Mzee mwenzangu, wewe unasemaje?" Mzee Lutengano akamgeukia. "Mwezi wa nane au wa tisa?"

Babu alimtazama kwa muda mrefu. Alipofungua mdomo, maneno yalitoka mazito, yamevutika.

"Fungeni... fungeni banda. Kuku wanatoka."

Mzee Dickson alicheka kidogo, cheko la woga. "Mzee anatania."

"Sitanii!" Babu alifoka, akapiga meza kwa fimbo. Kikombe cha Shangazi kikaruka, chai ikammwagikia mapajani. "Nani amewaita watu hawa nyumbani kwangu? Tokeni!"

Mzee Dickson alibaki mdomo wazi. Katika miaka yote ya ushenga wake hakuwahi kuona mzazi wa bwana harusi akiwafukuza wakwe ndani ya nyumba yao wenyewe. Shangazi Atuganile alisimama, kitenge kimelowa, macho yamemtoka.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Huyu mtu amelewa! Mtazameni, hata macho hayatulii. Amekuja kupanga harusi ya binti yetu akiwa amelewa!"

"Nimefanya mambo mengi katika maisha yangu," Mzee Lutengano alisema polepole, na sauti yake ilitisha zaidi kwa kuwa haikupanda, "lakini sijawahi kufukuza mgeni. Leo nafukuza. Mzee Dickson, mchukue mwenzako. Mwambieni kijana wenu harusi haipo. Siwezi kumpeleka mwanangu kwenye nyumba ya mlevi."

Harusi haipo! Tulia alimfikiria baba mdogo Emmanuel akizunguka ua kule nyumbani. Nyuma ya pazia la maua alisikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kama anayezuia kilio.

Babu hakuwa amelewa. Katika maisha yake yote Tulia hakuwahi kumwona akionja pombe. Akisema ukweli, atavunja ahadi na kutangaza siri ya ukoo mbele ya watu waliokwisha kukasirika. Akinyamaza, je? Alisimama pale na kapu tupu mkononi, akingoja mtu mzima yeyote ajue la kufanya. Hakuna aliyejua. Kisha fimbo ya Babu ikaanguka sakafuni, na Babu mwenyewe akaanza kuteleza taratibu kutoka kwenye kiti.

"Hajalewa!" Tulia alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Babu yangu anaumwa sukari! Alimeza kidonge na hajala kitu tangu asubuhi! Hajalewa, jamani, msaidieni!"

Mzee Lutengano, ambaye dakika ile ile alikuwa akimfukuza, ndiye aliyemdaka Babu kabla hajafika chini, akamlaza taratibu sakafuni.

"Tulia!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mimi ni Sekela. Usiogope, nijibu. Anaweza kukuangalia?"

"Anafumbua macho, dada, halafu anafumba."

"Sukari yake imeshuka. Chukua kikombe cha chai yake hapo mezani, ongeza sukari vijiko viwili, koroga. Mnyanyueni akae wima. Mpe kidogo kidogo."

Shangazi Atuganile alishika kichwa. "Mgonjwa wa sukari unampa sukari? Sekela, unataka kumuua mzee wa watu nyumbani kwetu?"

"Shangazi, kidonge kimeishusha sukari na hakuna chakula cha kuipandisha. Asipopata sukari sasa hivi ndipo atakapokufa. Tulia, fanya nilivyosema!"

Tulia alichukua kile kikombe cha chai iliyopoa. Kwa haraka, nusu ya sukari aliimwaga mezani. Alimwekea Babu kikombe mdomoni. Chai ikamwagika kidevuni, ikashuka kwenye koti. Babu akakohoa na kugeuza uso.

"Dada, hanywi! Inamwagika!"

Pazia likasogea. Shangazi Atuganile aliruka na kusimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Sekela! Utamtazama baba mkwe wako usoni? Utamshika?"

"Nipishe, Shangazi."

"Mila..."

"Shangazi, tafadhali, nipishe," Sekela alisema huku machozi yakimtoka, "nitaomba radhi baadaye kwa yeyote mtakayeniambia."

Shangazi alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo. Mshangao ulimfanya asogee kabla hajaamua kusogea. Sekela alipita, kitenge amekivuta kichwani mpaka kwenye nyusi, akapiga magoti mbele ya Babu.

"Baba, nisikilize. Meza mate. Umeweza? Vizuri. Usimharakishe, Tulia, tunangoja ameze kwanza. Mtu asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni, atapaliwa."

Alichota chai kwa kijiko, akamnywesha. Akangoja. Akamnywesha tena. Mzee Lutengano alimshikilia Babu mgongo kama mtu anayeshikilia mlango usianguke. Mzee Dickson alikuwa ameinamisha kichwa akiomba.

Kikombe kilipoisha, Babu alifumbua macho. Safari hii yalitulia. Aliona kwanza kitenge, kisha uso wa msichana uliokuwa karibu kabisa na uso wake.

"Huyu ni nani?" akauliza, kwa sauti yake ya kawaida.

Mzee Dickson alikohoa. "Ni... ni mkweo, mzee."

Babu alipatwa na mshtuko kuliko wote. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili na kujifunika uso mzima, akabaki hivyo, ameketi sakafuni amelowa chai. Sekela naye akashtuka, akavuta kitenge mpaka kidevuni na kukimbilia jikoni akijigonga kwenye kiti. Tulia alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Hakujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Sekela hakuwaacha wapumzike. Kutoka nyuma ya pazia aliagiza Babu apewe ndizi ale, kisha apelekwe hospitali, kwa maana kidonge bado kilikuwa mwilini na sukari ingeweza kushuka tena. Mzee Lutengano alimpakia kwenye bajaji yeye mwenyewe, akapanda naye.

Mchana ule Tulia aliketi kwenye benchi nje ya wodi. Daktari alikuwa amesema Babu yuko salama, ila angemwangalia mpaka jioni. Bado moyo wa Tulia haukutulia. Ahadi alikuwa ameivunja, siri ilikuwa nje, na harusi hakujua iko wapi. Ndipo Shangazi Atuganile alipokuja na kuketi kando yake. Alikuwa amebadilisha kitenge. Tulia alijiandaa kugombezwa.

"Umesikia nilichosema nyumbani?" Shangazi aliuliza. "Nilisema amelewa."

"Ndiyo, Bibi."

Shangazi alitazama mikono yake.

"Mume wangu alianguka barabarani, siku ya soko. Watu walimpita. Walisema, huyu mzee amelewa, mwacheni alale. Walimkuta jioni. Nililia, nikawalaani watu wale kwa miaka mingi. Na leo mimi, kwa mdomo wangu huu, nimesema maneno yale yale juu ya babu yako."

Tulia alimgeukia.

"Alikuwa na sukari," Shangazi aliendelea. "Mimi nilijua. Alinikataza nisimwambie mtu, aliona aibu, nami nikamtii. Laiti jirani mmoja tu angejua! Babu yako naye alikukataza, au siyo?"

"Aliniahidisha," Tulia alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nimevunja ahadi, Bibi."

Shangazi Atuganile alimvuta na kumkumbatia kwa nguvu, kichwa cha Tulia kikazama kwenye kitenge kilichonukia sabuni.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilitii, nikazika. Wewe hukutii, babu yako yuko mle ndani anamgombeza daktari. Ahadi ya kuficha ugonjwa siyo ahadi ya kushika. Ugonjwa siyo aibu. Ukimwona mtu anateseka, na wewe unajua kinachomtesa, sema, hata kama atakukasirikia maisha yake yote. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kweli, sauti ya Babu ilikuwa inasikika kutoka wodini, akidai koti lake.

Jumamosi iliyofuata walirudi Ibighi. Babu alikuja na jogoo mweupe kwapani, kwa kuwa Shangazi Atuganile alikuwa ameamua kwamba mkwe na baba mkwe waliotazamana usoni lazima watengenezewe mambo yao kwa kutoa jogoo. Hakuna aliyejua kama alilitoa hilo kwa mababu au alilibuni mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kuanzia siku ile, alisema, Sekela anaruhusiwa kumhudumia mzee bila kujificha. Sekela alitoka jikoni akitabasamu, na Babu hakuishika kofia yake, ingawa vidole vilimwasha.

Mzee Dickson alisimama kuanza neno. Babu akamzuia.

"Ngoja. Kabla ya mwezi wa nane na wa tisa, nina langu. Mimi Ambilikile ninaumwa sukari. Nilificha ili harusi isivunjike, na kuficha kwangu ndiko kulikokaribia kuivunja, na kumfanya mwanangu aoe huku akinizika. Kama kuna anayetaka kukataa ukoo wangu kwa sababu hiyo, akatae sasa."

Mzee Lutengano alimtazama dada yake. Shangazi Atuganile aliingia jikoni, akatoka na bakuli kubwa la uji linalofuka moshi, akaliweka mbele ya Babu.

"Tarehe baadaye," alisema. "Mgeni wangu ale kwanza."

Mzee Dickson alifungua mdomo kukumbusha kwamba bado hawajajibiwa, akauona uso wa Shangazi, akaufunga. Babu alilitazama bakuli, kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mama mdogo," Tulia alimwita Sekela, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "mwangalie mpaka liishe. Asipoangaliwa hubakiza."

Sekela alisogea karibu na kusimama kando ya Tulia. Mbele ya macho yao wawili, Mzee Ambilikile wa Igogwe alikunywa uji wake kimya, mpaka tone la mwisho.